Chaneli ndogo ya video: Shorts, video ndefu, laivu au kolabo? Tulinganishe bila kudanganyana

Rafiki yangu mmoja anafundisha gitaa YouTube, juzi usiku kanitumia skrinishoti: video 14, sabskraiba 61, chini yake kaandika "nimechoka sasa, nifanye Shorts, ndefu au niende laivu, kila mtu ananiambia lake". Nikaanza kumjibu kwa voisi, dakika ya tisa bado niko kwenye utangulizi, nikaifuta nikaona bora niandike. Mana swali lake ndo la kila mwenye chaneli ndogo, na majibu mengi yanayozunguka yanatoka kwa mtu aliyetoboa kwa njia moja akadhani njia ni hiyo hiyo tu.

Mimi chaneli yangu ni ya cherehani. Kushona, kurekebisha, mashine ikigoma unaanzia wapi. Sio kubwa na sijifanyi mwalimu wa mtu, ila njia zote nne nitakazozitaja nimezipitia, moja ilinivimbisha kichwa wiki mbili alafu ikaniacha patupu, nyingine niliidharau kabisa na ndo inaniletea watu mpaka leo.

Kabla ya yote tutoe takataka mlangoni. Kununua sabskraiba, kununua views, magrupu ya "nisabu nikusabu", hizo sizilinganishi na chochote. Sheria za YouTube zinazikataza wazi, wakizigundua wanazifuta hizo namba na chaneli inaweza kupata onyo au kuondolewa kabisa. Lakini hata usiposhikwa, fikiria vizuri, yule uliyebadilishana naye yeye ana chaneli ya mpira, wewe unafundisha gitaa, hajawahi kushika gitaa wala hana mpango. Ukiweka video mpya inapita mbele yake haigusi, ikimjia tena haigusi, na mtambo wa YouTube unaochagua nani aonyeshwe video gani unachojifunza hapo ni kwamba video zako hata watu wako hawazitaki. Umejaza ukumbi kwa viti vya plastiki alafu unashangaa hakuna anayepiga makofi.

Tunapimia nini

Nazipima njia zote kwa mambo matano yaleyale, usije ukasema nimependelea.

La kwanza muda na kazi: kuandaa, kurekodi, kuediti, mpaka inapanda. La pili, nani anakuja, yani njia hii inakuletea mtu wa aina gani, aliyekuwa anapita au aliyekuwa anatafuta. La tatu, je anarudi? Hili kwangu ndo lina uzito kuliko yote, na nitaeleza kwa nini. La nne vifaa na bando. La tano masharti ya kulipwa, mana hata kama hufanyi kwa ajili ya hela, siku moja utauliza.

Na hayo masharti tuyamalize hapahapa kwa sababu watu wanayachanganya sana. Kwenye programu ya washirika ya YouTube kuna ngazi mbili. Ya chini: sabskraiba 500, video 3 za hadharani ndani ya siku 90, na aidha saa 3,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 au views milioni 3 za Shorts ndani ya siku 90. Hapo unafunguliwa mambo ya mashabiki kukuchangia, sio matangazo. Ya juu: sabskraiba 1,000 na aidha saa 4,000 ndani ya miezi 12 au views milioni 10 za Shorts ndani ya siku 90, hapo ndo mgao wa matangazo unaanza. Yote haya ni kama nchi yako imo kwenye programu na chaneli ikipita ukaguzi.

Kitu kinachowapiga wengi: muda ambao watu wanatazama Shorts kwenye ule mkondo wa kuteleza na kidole HAUINGII kwenye zile saa 4,000. Sabskraiba waliotokea Shorts wanahesabiwa, saa zao hapana. Nimeona mtu ana sabskraiba elfu mbili na saa 60, analia anaonewa. Haonewi, ni hesabu.

Shorts

Muda na kazi. Hapa ndo raha. Video fupi unaweza kuirekodi asubuhi, mchana iko hewani. Zamani mwisho ulikuwa sekunde 60, tangu Oktoba 2024 zinafika hadi dakika 3, lakini ndefu zaidi haimaanishi bora zaidi, ukiweza kumaliza kwa sekunde 35 maliza. Kazi iko kwenye kukata: kila sekunde ambayo mkono haufanyi kitu, itoe.

Nani anakuja. Mpita njia. Hakukutafuta, alikuwa anateleza tu, kidole kikagota kwako. Sio mbaya hiyo, chaneli isiyojulikana na mtu inahitaji mahali pa kuonekana bila kutafutwa, na Shorts inakupa hiyo nafasi hata ukiwa na sabskraiba 5. Kumbuka tu kwamba tangu mwisho wa Machi 2025 view ya Shorts inahesabiwa pale video inapoanza kucheza, hata mtu akiipita palepale, kwa hiyo ile namba kubwa usiilalie. Kwenye takwimu zako kuna namba nyingine ya waliotazama kweli, hiyo ndo inayotumika kwenye masharti.

Anarudi? Hapa nisimulie. Niliweka klipu ya sekunde 40, zipu ya kujificha: unapiga pasi kwanza yale meno yalale, ndo unashona. Hamna maneno, mikono tu na sauti ya mashine. Siku mbili ikapaa, nikapata sabskraiba wengi kuliko niliopata mwaka mzima, nikaanza kujiona. Wiki iliyofuata nikaweka video ndefu ya dakika 11, gauni zima mwanzo mwisho. Kimya. Wale wapya wote hawakuja, mana walichopenda ni kuona meno ya zipu yakilala, hawana cherehani, hawashoni, ilikuwa kama kutazama mtu anaosha zulia chafu. Wamefurahi wakaenda zao, na hawajanikosea kitu.

Baadaye nikaelewa kosa langu lilikuwa wapi. Klipu haikuwa na uhusiano na chochote kingine kwenye chaneli. Saivi kila Short ninayotoa ni kipande cha tatizo ambalo jibu lake kamili liko kwenye video ndefu, na naiunganisha kwa ile sehemu ya video inayohusiana, mana linki za kawaida kwenye maelezo na komenti za Shorts hazibofyeki tangu Agosti 2023. Wanaokuja ni wachache kuliko wa ile zipu, lakini wengine nawaona tena.

Vifaa na bando. Simu na mwanga wa dirishani. Basi.

Kwenye masharti. Njia ya milioni 10 kwa siku 90 ukiigawa ni kama views 111,000 kila siku, mfululizo. Wapo wanaofika, ila usipangie maisha hapo. Na mgao wenyewe: video ndefu unapata asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayoonyeshwa kwenye video yako, Shorts ni asilimia 45 ya fungu ulilogawiwa kutoka kapu la pamoja la matangazo ya Shorts, na ukiweka wimbo, upande wa muziki unachukua chake kabla.

Inamfaa nani: mwenye kitu kinachoonekana kwa macho haraka, kupika, kuchora, kutengeneza, mabadiliko ya kabla na baada. Na mwenye muda wa vipandevipande, dakika 40 leo, nusu saa kesho. Haimfai sana yule ambaye utamu wake uko kwenye maelezo marefu.

Video ndefu za kujibu maswali

Sisemi video ndefu za aina yoyote. Nasemea zile ambazo mtu kaandika swali kwenye kisanduku cha kutafutia na wewe ndo jibu.

Muda na kazi. Kubwa, nisidanganye. Video ya dakika 7 inanila siku mbili za jioni, moja kurekodi, moja kuediti, na nyongeza ya picha ya kava na kichwa. Na matunda yake hayaji haraka, mwezi wa kwanza unaweza kuona watu watano kwa siku ukadhani imekufa.

Nani anakuja. Mwenye shida. Mtu ambaye mashine imemgomea sasa hivi, kitambaa kiko chini ya mguu wa cherehani, mteja anakuja kesho. Huyo hatelezi na kidole, huyo anasikiliza.

Mfano wangu ni huu. Nilikuwa na video inaitwa "Matatizo ya cherehani sehemu ya 1". Ililala miezi. Mwanzoni kulikuwa na logo inazunguka na muziki, alafu mimi nasalimia, naomba watu wasabskraibu, sekunde 50 zimekwisha sijasema kitu. Nikafungua grafu ya watazamaji kule YouTube Studio, pale unapoonea takwimu za chaneli yako, mstari unaporomoka kama mtu kateleza kwenye ngazi, ikifika sekunde ya 30 wengi hawapo. Nikairekodi upya. Kichwa kikawa "Cherehani inakata uzi wa juu? Kagua vitu vitatu hivi", na sekunde ya kwanza kabisa ni sindano kwa karibu, nimeiweka kinyume makusudi, upande bapa unatazama mbele badala ya nyuma kama mashine nyingi za nyumbani zinavyotaka, mashine inashona hatua sita uzi unakatika ta! mbele ya macho yako. Sijasalimia mtu. Ndo nikasema "kama yako inafanya hivi, anza hapa". Alafu njia ya uzi, alafu uzi uliokazwa kupita kiasi. Kitu kilekile, mtu yuleyule, mashine ileile. Hiyo video ndo niliyokuwa naidharau na ndo inaleta watu kila siku, hata wiki ambazo sijaweka kitu.

Kumbuka tangu 2012 YouTube walihama kutoka kuhesabu kubofya tu wakaanza kuangalia mtu anatazama kwa muda gani, kwa hiyo kichwa cha kutisha alafu ndani hamna kitu kinakuumiza mwenyewe. Kichwa kina nafasi ya herufi 100 lakini kwenye simu kinakatwa mapema, maneno ya tatizo yaweke mbele. Zile tagi za kujaza kwa nyuma usipoteze nazo jioni, YouTube wenyewe wanasema mchango wake ni mdogo sana, zinasaidia zaidi pale watu wanapokosea tahajia ya jina. Na hashitagi, ukizidisha 60 kwenye video moja wanazipuuza zote, sijui nani anaandika 60 lakini wapo. Cha maana zaidi ni kugawa video kwa sura: weka muda kwenye maelezo kuanzia 00:00, angalau tatu, kila moja isipungue sekunde 10, mtu aruke moja kwa moja kwenye shida yake. Unaweza kuogopa kwamba akiruka unapoteza dakika. Ila asiporuka anaondoka, na hapo umepoteza mtu mzima.

Anarudi? Anarudi akipata shida nyingine. Hapa kuna udhaifu pia: wengine wanatibiwa wanaondoka hata asante hawasemi, kama mtu aliyeomba moto jirani. Dawa yake ni video inayofuata iwe ni swali linalofuata. Aliyetatua uzi wa juu, kesho uzi wa chini utamsumbua, kwa hiyo kwenye zile sekunde 5 hadi 20 za mwisho ambapo unaruhusiwa kuweka skrini ya mwisho, namwekea hiyo, sio "video yangu mpya".

Vifaa na bando. Simu inatosha lakini sauti ndo siri, watu wanavumilia picha mbaya, hawavumilii mwangwi. Chumba chenye nguo na mapazia kinakusaidia kuliko kamera mpya. Bando la kupakia ni kubwa zaidi, hilo lipangie.

Kwenye masharti. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama mtu wa kawaida anakaa dakika 4 kwenye video zako, unahitaji kutazamwa mara 60,000 ndani ya miezi 12, akikaa dakika 2 ni mara 120,000. Unaona kwa nini nilikata ile salamu.

Inamfaa nani: anayejua kitu ambacho watu wanakwama nacho, na mwenye subira ya miezi. Haimfai mtu wa vichekesho au stori za maisha yake, hakuna anayekaa akaandika "nichekeshe na mtu nisiyemjua".

Laivu

Muda na kazi. Kuediti hakuna, lakini unatakiwa uwepo, saa ileile, siku ileile, uwe umelala vizuri au vibaya. Laivu moja kila baada ya miezi miwili haina maana, watu hawawezi kuizoea.

Nani anakuja. Wale ambao tayari wanakujua. Laivu haileti wageni wengi kwa chaneli ndogo, tukubaliane hapo. Laivu yangu ya kwanza walikuwa watu watatu na mmoja wao alikuwa dada yangu chumba cha pili, nikimsikia anacheka ukutani.

Anarudi? Hapa laivu inazipita zote. Mtu aliyeuliza swali ukataja jina lake na ukamjibu, huyo umempata. Kwenye ile ya watu watatu kuna mmoja aliuliza kwa nini kitambaa cha kuvutika kinamkunjika, nikakaa naye robo saa, tukagundua anatumia sindano ya kawaida badala ya ile ya ncha ya mviringo. Yule mpaka leo yupo, komenti ya kwanza kila video, na akikuta mtu kauliza swali nimechelewa kujibu anamjibu yeye. Tena swali lake likawa video. Laivu inakupa mada kwa maneno ya watu wenyewe, na hayo maneno ndo unaweka kwenye kichwa cha video ndefu.

Vifaa na bando. Hapa ndo pagumu. Bando linaondoka kama maji na intaneti ikiyumba umeaibika. Kwa simu unahitaji kwanza angalau sabskraiba 50, kwa kompyuta hilo sharti halipo, ila kuwashiwa laivu mara ya kwanza kunaweza kuchukua mpaka saa 24, usiwashe nusu saa kabla ya kuanza. Fanya ya majaribio iliyofichwa uangalie sauti.

Kwenye masharti. Saa za laivu zinahesabiwa kama laivu ilikuwa ya hadharani na ukaiacha ibaki kwenye chaneli. Ukiifuta au ukaificha kwa aibu, zimekwenda nayo. Ukifika ile ngazi ya sabskraiba 500, michango ya watazamaji kwenye laivu ni moja ya vitu vinavyofunguka.

Inamfaa nani: mwepesi wa mdomo, anayejibu maswali bila kuandaliwa, mchezaji wa gemu, mwalimu, mwanamuziki. Mwenye mtandao wa kusuasua aiache kwanza, sio dhambi.

Kolabo

Muda na kazi. Kolabo ni kutengeneza video pamoja na mwenye chaneli nyingine, kwa hiyo kazi haiko kwenye kamera, iko kwenye watu. Kuandika ujumbe, kungoja, kukumbushia, kupanga siku, kuahirishiwa. Katika watu saba niliowaandikia wawili walijibu, mmoja tukafanya.

Ujumbe wangu wa mwanzo ulikuwa mbaya, "habari, naomba tufanye kolabo tukuzane". Nani atakubali hiyo? Ulionifungulia mlango ulikuwa huu: "Nimeona video yako ya kukata suruali, wengi kwenye komenti wanauliza zipu ya mbele inakaaje. Mimi hiyo naijua, naweza kurekodi dakika tatu za hiyo sehemu uziweke kwenye video yako, ukiipenda. Isipokufaa hamna shida." Yani nimeenda na kitu mkononi.

Nani anakuja. Mtu ambaye tayari anapenda mada yako na kaambiwa na mtu anayemwamini. Ndo maana ukubwa wa mwenzio sio hoja sana, mwenye sabskraiba 400 wa kushona ni bora kwangu kuliko mwenye laki wa umbea.

Anarudi? Kama video zako zinafanana na kile alichokuona nacho, ndiyo. Ukialikwa ukafundisha zipu, alafu akija kwako anakuta wiki hiyo unasimulia safari, kwaheri. Kabla kolabo haijatoka hakikisha ukurasa wako una video mbili tatu za mada ileile juu kabisa.

Vifaa na bando. Vilevile unavyotumia siku zote, tena mnaweza kurekodi kila mtu kwake na mkatumiana.

Kwenye masharti. Saa za kutazamwa zinakwenda kwa chaneli iliyopakia video. Mkubaliane mapema, moja kwako moja kwake. Na kama kuna hela au bidhaa imetolewa na mtu ili mumtaje, kuna kisanduku cha kutiki kwamba video ina tangazo la kulipiwa, kitiki, na sema kwa mdomo pia. Watazamaji wa chaneli ndogo wanakufahamu sauti, wakigundua umewauza kimyakimya hawagombi, wanapotea tu.

Inamfaa nani: mwenye angalau video kumi nzuri za kuonyesha na asiyeogopa kukataliwa. Chaneli yenye video mbili isubiri, mgeni akija akute nyumba ina viti.

Na kulipia matangazo je?

Kuitangaza video yako kwa kulipa kupitia mfumo wa YouTube au Google ni halali kabisa, usichanganye na kununua views vichochoroni. Lakini saa zinazotokana na kampeni ya matangazo hazihesabiwi kwenye 3,000 wala 4,000. Kwa mtu anayeuza kitu, kozi au huduma, inaweza kuwa na maana kwa sababu mteja mmoja anarudisha hela. Kwa anayetafuta hadhira tu naona ni mapema, hujajua hata video yako ipi inashika watu, unalipia kuonyesha nini?

Sasa wewe uko wapi?

Kama umeanza juzi na hujajua mada yako vizuri, anza na Shorts kwa miezi miwili, uone ni kipi watu wanakomenti kwa maswali. Sio laiki, maswali. "Hiyo sindano namba ngapi?" ni dhahabu kuliko emoji kumi za moto. Alafu hayo maswali yageuze kuwa video ndefu.

Kama una ujuzi lakini muda wako ni jioni mbili kwa wiki, video moja ndefu kila wiki mbili inayojibu swali moja, na kutoka humo kata Shorts mbili. Usijilazimishe kila siku, nimeona watu wanaungua mwezi wa tatu wanafuta chaneli nzima.

Kama una video nyingi lakini watu hawabofyi, tatizo sio njia, ni kava na kichwa. YouTube wanasema nusu ya chaneli na video zote asilimia yao ya kubofywa iko kati ya 2 na 10, kwa hiyo ukiona 4 usilie. Ukiona chini ya 2 kwa video nyingi, badilisha kava za zile tano za juu kabla hujarekodi kitu kipya. Na kama wanabofya lakini wanaondoka kabla ya sekunde ya 30, hapo kata mwanzo wako, hakuna njia nyingine.

Kama una sabskraiba mia mbili tatu waaminifu lakini namba imekwama, hapo sasa kolabo, na laivu mara moja kwa wiki kama mtandao unaruhusu. Hao mia mbili ndo watakaokufanya mgeni akifika akute komenti zina uhai.

Kama ulipaa na klipu moja alafu kimya, yaliyonikuta mimi, usifukuzie kupaa tena. Fungua sehemu ya hadhira kule Studio, inakutenganishia watu wapya na wale wa mazoea. Hao wa mazoea angalia wametazama nini kingine, hata kama ni wachache, tengeneza hicho.

Na kama unachotaka ni hela ya haraka kulipa deni mwezi ujao, hakuna hata moja kati ya hizi itakayokufikisha huko, tafuta kazi ya kuedit video za wengine, utajifunza na utalipwa.

Yule wa gitaa nimemtumia haya yote. Kajibu "sawa ila mimi napenda laivu". Nikamuuliza una sabskraiba 61, wangapi wanakuja kila wiki? Kasema wanne, na anawajua majina, na mmoja anataka kujua kwa nini kodi yake ya F (chord, zile nyuzi za gitaa zinazopigwa pamoja) inavuma. Nikamwambia basi Jumamosi wape hao wanne laivu yao, na Jumapili rekodi hiyo F, kidole cha shahada kwa karibu, usisalimie mtu.